Prosesa, Dawa ya Meno na Wosia wa Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 9 Septemba

Imezima tena! Bila hodi, bila kwaheri. Kompyuta imeunganisha filamu yangu hadi karibu nusu, mimi nimekaa na kikombe changu cha chai, nautazama mstari wa kijani unaoonyesha kazi ilipofika ukisogea taratibu, mara pu! Skrini nyeusi. Nikabaki natazamana na sura yangu kwenye kioo, na haikuwa sura ya kupendeza.

Niandike mambo yalivyo, ili vizazi vijavyo vijue nilivyoonewa. Jumapili hii mama mkwe anatimiza miaka sabini. Ukoo mzima utakuwepo. Kwenye kikao cha familia nilisimama nikatangaza kwamba filamu ya maisha yake nitaitengeneza mimi, kwa kompyuta yangu, kwa mikono yangu miwili. Mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, alikuwa ameshafungua mdomo ajitolee. Nikamuwahi. Huyu bwana mama mkwe humwita Injinia. Kisa? Aliwahi kumbadilishia betri za rimoti. Betri! Mimi nimempa wajukuu wanne na bado naitwa "wewe baba nanihii".

Na si picha tu. Kuna kanda. Mke wangu aliikuta chini kabisa ya sanduku la mama yake: kanda ya video ya zamani, baba mkwe, Mungu amrehemu, yu hai, anaongea. Miaka mingi hakuna aliyekuwa na mashine ya kuichezea. Nikamleta mpiga picha wa mtaa wa nyuma na mashine yake kuukuu, akaihamishia kwenye kompyuta yangu. Dakika ile ile tuliyomaliza, mashine ikaitafuna kanda yote, tukaitoa vipande vipande. Kwa hiyo baba mkwe sasa yumo ndani ya kompyuta yangu, na hayumo kwingine popote duniani.

Spika zangu zilikufa kitambo, hivyo sijamsikia. Lakini nimemwona, zile sekunde za mwanzo; zilinitosha. Ameketi uani, uso mzito, mdomo unakwenda, kidole kinapanda na kushuka. Mapajani hapaonekani vizuri, mpiga kamera alimkata kifuani. Huo ni wosia. Mtu hainui kidole vile kwa jambo dogo. Nimeshaandika kichwa kwa herufi za dhahabu: WOSIA WA BABA. Nimeshawaambia wote. Shangazi wawili wameanza kulia kabla hata ya kuona.

Mke wangu ameshauri niinakili video hiyo kwenye flashi, kwa tahadhari. Nimemjibu kwamba kunakili ni tabia ya watu wasioviamini vyombo vyao. Alipandisha nyusi tu, ile ya kushoto, ambayo ndiyo mbaya.

Mhalifu ninamjua. Ni mchomeleaji wa jirani. Akiwasha mashine yake, taa zetu zote hulegea. Anaiba nguvu za kompyuta yangu. Kesho tutaonana.

Jumanne, tarehe 10 Septemba

Nimemkabili. Nilimkuta amekaa mlangoni pa karakana, mashine imefunikwa turubai, anakata kucha. Akasema tangu wiki iliyopita hana kazi, hajachoma hata bawaba moja. Nikamwambia huo ndio ujanja wenyewe. Akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kama hiyo kompyuta nimeigusa nikaona ina joto. Nikamjibu kwamba sikuja kufundishwa kompyuta na mtu wa mageti.

Nimerudi. Nimeigusa. Mama yangu! Ungeweza kupigia pasi shati.

Nimeweka programu ya kupima joto. Prosesa iko nyuzi tisini na nane! Maji ya chai huchemka kwa mia! Nimepanga kusimulia maisha ya mama mkwe, kumbe nimebandika birika.

Lakini inawezekanaje? Prosesa, kwa asiyejua, ndiyo ubongo wa kompyuta. Juu yake hukaa bonge la chuma lenye mapezi, na juu ya chuma hukaa feni. Joto linapanda kwenye chuma, feni inalipeperusha. Hata mtoto anaelewa. Na feni yangu na chuma chake ni vipya! Nilivinunua mwezi uliopita, nikavifunga mwenyewe, bila fundi, bila msaada, na bila kuviharibu hata kidogo. Mimi vitu vyangu huvitunza. Makochi yangu yana miaka saba na bado yamo kwenye nailoni ya dukani. Rimoti imo kwenye nailoni. Godoro limo kwenye nailoni, ingawa mke wangu hulalamika kwamba akijigeuza usiku ni kama mtu anakula bisi.

Kwa hiyo kosa si langu. Hilo liwe wazi tangu mwanzo.

Jumatano, tarehe 11 Septemba

Siku ya vita. Nimefungua ubavu wa kompyuta na kuielekezea feni kubwa ya chumbani. Watoto wamelalamika joto. Nimewaambia bibi yao ana miaka sabini, wao wanaweza kutoa jasho. Ikazima.

Nimeihamishia kwenye ujia, kati ya mlango wa mbele na wa nyuma, nikaifungua yote ili upepo upite. Upepo ulipita. Na kuku wa jirani naye akapita, akasimama juu ya kibodi, akaandika herufi nyingi za "m" katikati ya jina la mama mkwe. Ikazima.

Nimelowesha taulo nikataka kuivika. Mke wangu akapiga ukelele ulioleta majirani. Akasema kama nimechoka kuishi nijiue peke yangu, lakini si kwa taulo lake jeupe. Nikamweleza kanuni ya mvuke. Akaniuliza kanuni ya mjane. Sikupenda mwelekeo wa mazungumzo.

Amesema pia, huku akikamua taulo, kwamba angalau nimpigie simu mwanyumba. Mwanyumba! Heri nife. Kwanza atakuja na ile miwani kichwani, aseme "aah" kabla hajaona chochote. Kisha mama mkwe atahadithiwa, na jina la Injinia litaandikwa kwa wino usiofutika. Hapana. Nimeanza mimi, nitamaliza mimi.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba

Nimegundua! Kati ya prosesa na chuma cha feni hupakwa uji mzito unaosaidia joto kupita. Nimekwenda duka la vipuri. Muuzaji akasema umekwisha, nirudi wiki ijayo. Wiki ijayo! Mama mkwe hawezi kuahirisha kuzaliwa.

Nimerudi nyumbani nikifikiri. Uji huo ni mweupe. Ni mzito. Kazi yake ni kupoza. Nikaingia bafuni kunawa uso, na nikaona jibu langu limelala kwenye glasi ya miswaki. Dawa ya meno! Tena ya mnanaa! Kitu kinachopoza ulimi wa binadamu kitashindwaje kupoza kipande cha chuma?

Nimeifungua feni. Niseme kwa fahari: chini ya kile chuma, pale kinapolala juu ya prosesa, bado ni kipya kabisa. Hata kile kinailoni chembamba cha kiwandani bado kimeganda palepale, safi, maandishi yake mekundu ya kigeni hayajachubuka. Hivyo ndivyo vitu hutunzwa. Nimeminya dawa ya kutosha juu ya prosesa, na nyingine ya akiba, nikakandamiza. Ikachomoza pembeni zote. Ikanukia vizuri sana.

Nikawasha. Nyuzi themanini. Tisini. Tisini na tisa. Ikazima. Nikawasha tena. Haikuwaka.

Nikabonyeza. Haikuwaka. Nikasubiri, nikaisemesha, nikaipiga kofi dogo la kirafiki. Kimya.

Na hapo hapo simu ikalia. Mama mkwe. Hakunisalimia kwa dhihaka kama kawaida yake. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama kweli marehemu anasikika vizuri kwenye video. Akasema uso wa mumewe anaukumbuka, una picha ukutani. Ila sauti imemtoka. Kuna siku huamka akaitafuta kichwani na haipati, na huona haya kuwaambia wanawe, wasije wakadhani hakumpenda. Ameshashona gauni jipya la kumsikilizia.

Nikamwambia anasikika vizuri sana, mama.

Nimekaa sakafuni mbele ya hilo boksi muda mrefu. Niliogopa, na sioni aibu kuliandika. Yule mzee yumo humo, mimi ndiye niliyemfungia, na flashi ya mke wangu imelala mezani, tupu. Kisha nikakasirika. Mimi! Mtu aliyejitolea kwa moyo safi! Kiwanda gani kinatengeneza prosesa isiyovumilia joto, katika ulimwengu wenye joto?

Ijumaa, tarehe 13 Septemba

Imewaka! Ilihitaji kupumzika tu. Baba mkwe yumo, kidole juu. Nimeshukuru Mungu kwa sauti. Kisha nikaanza kuunganisha filamu, na ikazima.

Mchana hodi mlangoni. Mwanyumba! Miwani kichwani, manukato ya kuua mbu. Mke wangu akajifanya kushangaa. Hajui kuigiza huyu mwanamke, alishangaa hata kabla mlango haujafunguliwa. Umdhaniaye ndiye kumbe siye.

Mwanyumba akakaa kwenye kochi. Nailoni ikalia. Akauliza filamu imefikia wapi. Nikamwambia imekwisha zamani, ninachosubiri ni Jumapili tu. Akasema vizuri, kwa sababu yeye analeta projekta na spika kubwa, hivyo hakuna kitakachoharibika. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Kisha mwanangu wa mwisho, kwa faida ya umma, akatangaza kwamba kompyuta inazima kila mara na baba ameipigisha mswaki. Nikamtuma dukani.

Mwanyumba akasema "aah". Nilijua! Akauliza kama nilibadilisha feni karibuni. Nikakiri. Akataka kuinuka aje aione, lakini kwa joto la leo suruali yake ilikuwa imegandana na kochi. Akavuta. Nailoni ikamvuta naye. Kulikuwa na sauti ya kuchanika ambayo sitaieleza, na mke wangu akatazama dari. Mwanyumba akabaki amesimama, mkono umeshika nyuma ya suruali. Ndipo akasema, eti na kile kinailoni cha chini ya feni je, nilikitoa? Wengi hukisahau, alisema, na kikibaki joto halipiti.

Nimeelewa vizuri sana. Mtu amechanika suruali kwenye kochi langu, sasa ananirushia mafumbo ya nailoni nyumbani kwangu! Nikamwambia kwangu hatuna desturi ya kubandua vitu vipya, na kama nailoni inamsumbua akakae kwenye jiwe. Akaondoka kinyumenyume.

Mke wangu alikaa akitazama kochi lenye alama ya makalio ya shemeji yake. Nyusi zote mbili zilikuwa juu. Sijawahi kuona zote mbili.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba

Nyumba yangu imevuliwa nguo!

Nimeamka nikaifungua feni ili nipake dawa ya meno mkono wa pili. Nikakifuta chuma vizuri, nikaviweka mezani, nikaenda kuoga. Ndani ya maji nikasikia kraa! Nikadhani ni kitambaa. Kraa! Nikatoka na sabuni masikioni. Mke wangu amesimama katikati ya sebule na mkasi, kanga ameifunga kiunoni kivita, na kochi kubwa liko uchi. Uchi! Lina maua. Nilikuwa nimesahau kwamba lina maua.

Nikamuuliza amepatwa na nini. Akasema miaka saba. Akasema kila mgeni katika nyumba hii hukaa akitoa jasho kama yuko kizimbani. Akasema kesho ndugu zake watapita hapa, na yeye hawezi kuwaeleza kwa nini mumewe huhifadhi makochi kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa. Akavua kochi la pili. Akavua la tatu. Akavua rimoti, akavua saa ya ukutani, akavua kalenda. Kisha akaikuta feni yangu mezani, akaigeuza, akakiona kile kinailoni chenye maandishi mekundu, na bila hata kutulia akakitia ukucha, akakibandua, akakitupa kwenye lile rundo. Kwa hasira tu! Hajui hata ni ya nini ile feni! Kitu nilichokitunza mwezi mzima bila mkwaruzo!

Nikamwambia ameniua. Akasema nikishakufa nikaoge, nina sabuni masikioni.

Nikapaka dawa yangu ya meno, safari hii kidogo tu kwa sababu watoto walikuwa wamekaribia kuimaliza, nikafunga feni kimya kimya, mtu niliyedhulumiwa. Nikawasha.

Nyuzi arobaini. Nikaanza kuunganisha filamu. Arobaini na tano. Hamsini. Ikasimama hapo. Nusu ikapita. Robo tatu ikapita. Nilibana pumzi, na mke wangu naye akaacha kufagia nailoni akaja kusimama nyuma yangu. Mstari wa kijani ukafika mwisho. Imekamilika!

Dawa ya meno! Mkono wa pili ndio uliokuwa unahitajika! Nimeruka ruka ujiani nikiimba. Nimekwenda kumweleza mchomeleaji, nimemweleza na mpiga picha. Kuna watu wamesomea mambo haya miaka na hawajui. Nilipotoka kushangilia, mke wangu alichukua flashi akanakili kila kitu mwenyewe, kisha akaitia kwenye sidiria. Wivu wa mafanikio.

Jumapili, tarehe 15 Septemba

Wamekuja wote. Ukumbi wa shule ulijaa. Mama mkwe katika gauni jipya, mstari wa mbele, leso mkononi. Projekta ya mwanyumba, spika za mwanyumba, suruali mpya ya mwanyumba. Nikasimama nikatoa maelezo mafupi kuhusu dawa ya meno. Mke wangu akanivuta koti.

Picha zikapita, watu wakacheka na kupiga vigelegele. Kisha herufi za dhahabu: WOSIA WA BABA. Ukumbi ukatulia. Shangazi wawili wakaanza.

Baba mkwe akatokea. Uso mzito. Kidole juu. Na kwa mara ya kwanza, sauti.

"Usiniletee fundi! Nasema usiniletee fundi hapa! Jana ilikuwa inaimba vizuri, nimeigusa kidogo tu."

Kamera ikashuka. Mapajani pake redio, tumbo wazi, nyaya nje. Na nje ya picha, sauti ya mwanamke kijana, kali na yenye kicheko ndani: "Uliigusa kidogo jana. Juzi uliigusa kidogo. Mwanamume, mwisho utagusa kidogo na ukuta utuangukie!"

"Na wewe ondoka kwenye mwanga, mke wangu, unanizibia. Hapana, rudi. Rudi ukae hapa. Nikikuona napata akili."

Basi. Ikakatika hapo.

Nilitamani ardhi inimeze, projekta na yote. Wosia gani huu! Ndipo mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Nikadhani ameumia. Alikuwa anacheka. Anacheka na machozi yanamwagika, leso imeanguka na hajali, anasema ndiye huyo, ndiye mwenyewe, sauti yake ni hiyo hiyo. Akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akaomba tena. Ilipofika pale pa "rudi ukae hapa" alikuwa anaitikia, polepole, kwamba nimekaa, baba, nimekaa. Mke wangu alinishika mkono kwa nguvu. Na mimi nililia, niandike tu, hata mwanyumba alivua miwani.

Mjomba mmoja wa nyuma, watu hawakosi, akauliza wosia wenyewe uko wapi sasa. Nikasimama. Nikasema wameusikia wote kwa masikio yao: usiniletee fundi. Ndiyo kauli ya marehemu, na mimi katika ukoo huu ndiye pekee niliyeishi kwayo. Ukumbi mzima ukacheka. Sikuona cha kuchekesha.

Jumatatu, tarehe 16 Septemba

Heshima kuu! Mama mkwe ameniita asubuhi, mimi, si Injinia. Akanikalisha karibu naye, akaniita mkwe wangu, akatoa kabatini kitu kilichofungwa kwenye shuka. Redio yenyewe! Ile ya kwenye video. Haijaimba tangu siku ile, na marehemu mwenyewe ndiye aliyeifunga skrubu kwa mara ya mwisho. Akasema niitunze mimi, kwa kuwa katika wakwe zake wote mimi ndiye ninayefanana naye kwa kila wazimu. Ila akanishika mkono, akanitazama machoni, akaniapisha: nisiifungue. Ikae ilivyo, na alama za vidole vyake ndani yake. Nikaapa. Niliapa kwa dhati, na sote wawili macho yalilowa.

Nimeifikisha nyumbani kwa uangalifu mkubwa. Nimeiweka juu ya meza. Nimeizunguka.

Sasa, kutunza ni nini? Mtu atakitunzaje kitu asichokijua hali yake ya ndani? Huenda kuna kutu. Huenda kuna mende. Mama mkwe hakufikiria mende. Nimeilegeza skrubu moja tu, kwa ukaguzi. Nyingine zikafuata zenyewe. Na kosa nimeliona papo hapo, waya mmoja mwekundu umeachia, kitu ambacho hata marehemu, pamoja na heshima zangu zote, alikipita. Nimeugusa kidogo tu.

Mke wangu ameuliza kutoka jikoni ni harufu ya nini hiyo. Nimemwambia jirani anachoma takataka.